Marufuku ya Mama Sare

"Andika hivi," alisema Mama Sare, huku akigonga meza kwa kidole. "Katika kiwanda hiki ni marufuku mtu kumpenda mtu. Nukta."

Kalamu ya Wakili ilibaki hewani.

"Mtu kumpenda mtu," alirudia taratibu.

"Umesikia vizuri."

"Sasa wapende nini? Cherehani?"

"Wapende kazi."

Wakili akaweka kalamu chini, akavua miwani na kuanza kuifuta kwa ncha ya tai. Mama Sare alikwishamjua. Miwani ikivuliwa, ubishi unakuja. Na kama tunasema ukweli, ubishi huo alikuwa akiungoja wiki nzima. Siku ya Wakili ilikuwa Alhamisi, na kila Alhamisi mama wa watu alijikuta amebadilisha kitambaa cha kichwa mara mbili kabla ya kutoka nyumbani. Binti yake aliyekuwa chuoni alishamwuliza kwenye simu kama manukato yale mapya ni ya kuvutia wateja wa sare za walinzi. Akaambiwa asome masomo yake.

Kiwanda kilikuwa chake, alikianza mwenyewe kwa cherehani moja sebuleni baada ya mumewe kufariki. Kilishona sare za shule, za wauguzi, za walinzi, za kila mtu anayetakiwa kufanana na mwenzake, na watu walikuwa wameshalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Ofisi yake ilikuwa juu ya ngazi, mwishoni mwa ukumbi wa kushonea, na ukuta wake wa mbele ulikuwa kioo kizito toka juu hadi chini. Akikaa pale aliona kila cherehani na kila kichwa kilichoinama, lakini kelele hazikumfikia. Alihisi tu sakafu ikitetemeka chini ya viatu vyake.

Hiyo marufuku haikutoka hewani. Msimamizi wake mmoja wa zamu alikuwa na uhusiano na binti wa kitengo cha vifungo. Penzi lilipokwisha, bwana yule akaanza visa. Akamnyima binti ovataimu, akamhamishia kwenye mashine mbovu, akawa anamwonya kwa kila uzi uliokatika. Binti akapanda ngazi kumweleza Mama Sare. Mama Sare akacheka, akamwambia mambo yao ya mapenzi wamalizane huko huko. Binti hakubisha. Alikwenda kwenye baraza la migogoro ya kazi, na baraza halikucheka. Lilisema mwajiri aliambiwa, akanyamaza, kwa hiyo kosa la msimamizi ni lake pia. Fidia ikalipwa, msimamizi akaondoka, na binti alipoombwa arudi kazini alikataa. Hilo la mwisho ndilo lililomkaa Mama Sare kooni.

"Mapenzi hayakukuponza," alisema Wakili, miwani ikiwa bado mkononi. "Kilichokuponza ni mtu mwenye mamlaka kuyageuza kuwa fimbo, na wewe kuambiwa ukacheka."

"Sikukuajiri unikumbushe."

"Uliniajiri nikuzuilie kesi. Sheria haimkatazi mtu kupenda. Inamkataza bosi kushika riziki ya mwenzake halafu akamwambia nipende."

"Basi nipe kanuni ya kuzuia hilo."

"Wanaopendana waseme. Mmoja akiwa juu ya mwenzake, asimpangie zamu wala kumpandisha cheo, shughuli hiyo apewe mwingine. Anayesema hapana, hapana yake iheshimiwe. Na anayelalamika asiguswe."

"Ndefu mno."

"Ni nne tu, Mama Sare."

"Yangu ni moja."

Wakili akasema hiyo moja hataiandika, hata akitishwa kwa mkasi. Mama Sare akasema haina haja ya kuandikwa, yeye ana mdomo.

Na mdomo aliutumia. Siku iliyofuata alizimisha mashine zote, akasimama kwenye ngazi na kutangaza: ni marufuku kupendana, na wakikamatwa wawili, mmoja anakwenda nyumbani. Kisha Mzee wa Pasi, mtu mzima anayepiga pasi toka kiwanda kianze, akanyoosha mkono.

"Mama, mimi na mke wangu wa pale kwenye kufunga mizigo, tumeoana miaka mingi. Tuachane leo au tumalize mwezi?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Sare akajibu kwamba ndoa za zamani haziguswi.

"Nashukuru," alisema Mzee wa Pasi. "Ila mapenzi ni kikohozi, Mama. Hayafichiki."

"Basi watu wanywe dawa," alisema Mama Sare, akapanda ngazi.

Kwa muda ule ukumbi ulikuwa kichekesho. Wanaume wakaacha kuwaokotea wanawake vifungo vilivyoanguka, kwa hofu ya kushitakiwa kwa huba. Wanawake wakaanza kuwaita wanaume wote "kaka", hata wale waliowazidi umri baba zao. Binti wa chuoni, ambaye habari zilimfikia sijui kwa njia gani, akatuma ujumbe:

"Mama, nasikia umepiga marufuku mapenzi. Sasa yule wa miwani atakuwa anaingilia mlango gani?"

Mama Sare akausoma mara tatu, akaufuta, akacheka peke yake.

Kiwanda kile kilikuwa na lugha yake. Mashine zikishawaka, hata ukipiga kelele jirani hakusikii, kwa hiyo watu waliongea kwa mikono na midomo. Vidole viwili vikikatana, unaomba mkasi. Kiganja kikipitishwa kooni, uzi umekwisha. Yaliyobaki yalisemwa kwa midomo bila sauti, na mwenzako hata akiwa safu ya tano aliyasoma. Mama Sare alikulia kwenye kumbi za namna hiyo kabla hajawa bosi wa mtu, na kutoka nyuma ya kioo chake aliwasoma wote vizuri tu.

Ndivyo alivyowaona. Mkataji, kijana mrefu mwenye mkono usiokosea kwenye kitambaa, aliinua kichwa kutoka kwenye meza yake na kuuliza kwa midomo: umekula? Upande wa pili wa ukumbi, binti wa kutia zipu, ambaye kila mtu alimwita Zipu, akajibu: bado, nakungoja. Hayo tu. Lakini namna alivyosema "nakungoja", na uso wake ulivyokuwa wakati anasema, haikuhitaji mkalimani.

Mwezi mmoja nyuma Mama Sare angetabasamu na kurudi kwenye kazi zake. Siku hiyo aliwaita juu.

"Tangu lini?" aliuliza.

Walitazamana kwanza.

"Tangu kabla ya marufuku, Mama," alisema Mkataji.

"Ungeweza kukana."

"Nimkane, halafu jioni nimwambie nini?"

Mama Sare akauliza mipango yao. Wakasema ni kuoana, na wazee wa pande zote mbili wameshaonana. Akauliza kama kuna mmoja anayempangia mwenzake kazi. Hakuna, kila mmoja alikuwa na msimamizi wake. Kwa kifupi, hapakuwa na lolote baya. Lakini Mama Sare alikwishatamka mbele ya kiwanda kizima, na mtu aliyezoea kutii mdomo wake mwenyewe ana taabu.

"Nilisema mmoja aende nyumbani. Zipu, mwanangu, itabidi uwe wewe."

"Kwa nini mimi, Mama?"

"Mkataji mzuri hapatikani kirahisi."

"Kumbe mimi napatikana kirahisi," alisema Zipu.

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana lilimchoma Mama Sare zaidi. Mkataji akasema basi ataondoka yeye. Zipu akamwambia akae, nani atalipa pango? Mkataji akasema atakata vitambaa hata barabarani. Wakaanza kugombania nani afukuzwe, kila mmoja akivutia balaa upande wake, mpaka Mama Sare akawapigia meza. Akawapa mpaka Ijumaa, waamue wenyewe, wamletee jina.

Wakili alipofika Alhamisi, habari ilikuwa imeshampokea getini. Hakukaa. Hata miwani aliivua akiwa bado amesimama.

"Makosa yao ni sawa, kama ni makosa. Mwanamume abaki, mwanamke aende. Unajua baraza litaliitaje hilo?"

"Hakuna atakayekwenda barazani. Zipu ni mtoto mpole."

"Hata yule wa vifungo uliniambia alikuwa mpole."

Mama Sare akageukia upande wa ukumbi, akiwa amekunja mikono kifuani.

"Naogopa, Wakili," alisema hatimaye. "Unadhani mimi nachukia watu kupendana? Kila nikiona wawili wanachekeana namwona yule binti amesimama hapo mlangoni, ananieleza, na mimi nacheka. Nimeona bora pasiwe na chochote cha kuchekea."

"Najua."

"Hujui."

"Najua, kwa sababu na mimi nimejiwekea marufuku yangu humu humu, na imenishinda."

Mama Sare akageuka. Wakili alikuwa ameshika miwani kama mtu asiyejua inavaliwa wapi. Alikuwa mgane, mtu wa maneno yaliyopimwa, na siku hiyo kipimo kilikuwa kimempotea.

"Siku hizi nikitaka kukwambia umekosea," alisema, "najiuliza kwanza kama utanuna. Wakili wa namna hiyo ni hasara kwa mteja. Wiki mbili hizi nimekuja hapa Jumanne, sina kazi yoyote."

"Ulisema umepita njia."

"Naishi upande mwingine kabisa wa mji."

Mama Sare alitaka kucheka, lakini Wakili hakuwa akicheka.

"Nakupenda," alisema Wakili. "Na sitaweza kukupenda huku unanilipa nikushauri. Ukinipa kesi, nitaitetea kwa moyo badala ya kichwa, tutashindwa wote wawili. Kimoja lazima kiishe, na mimi najua ningependa kiishe kipi. Wewe je?"

Jibu Mama Sare alikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini kabla halijatoka alihisi kitu hakiko sawa, na ilimchukua muda kutambua ni nini: sakafu ilikuwa imeacha kutetemeka.

Akatazama kwenye kioo. Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Ukumbi mzima ulikuwa umeinua uso, watu wamekaa kama wako mbele ya televisheni. Fundi mmoja wa makola alikuwa ameshika kifua kwa mikono miwili. Mke wa Mzee wa Pasi alikuwa anafuta machozi kwa sare ya muuguzi ambayo haijatiwa vifungo.

Hapo ndipo akili ilipomjia. Kioo kilizuia sauti, midomo hakikuzuia. Miaka yote hiyo amekaa juu akiwasoma, na haikuwahi kumpitikia kwamba na wao wanamsoma. Waliona alipogombana na wauza vitambaa, waliona alipokuwa akijisemea mwenyewe, na bila shaka walijua kuhusu Wakili kabla yake. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na Mama Sare alikuwa nalo mbele ya kiwanda kizima.

Aibu ikampanda toka miguuni hadi utosini. Akafungua mlango kwa nguvu, akasimama juu ya ngazi.

"Huyu ni wakili wangu," alisema. "Zaidi ya hapo si chochote kwangu. Rudini kazini."

Hakuna aliyewasha mashine. Nyuma yake Wakili alivaa miwani, akachukua mkoba, akampita taratibu bila kumgusa. Aliteremka ngazi, akasalimia watu wa safu ya kwanza kama kawaida yake, akatoka. Na kutoka kwenye meza za kufunga mizigo, sauti ya mwanamke ikasema, si kwa nguvu, lakini ukumbi ulikuwa kimya:

"Mkuki kwa nguruwe."

Jioni ujumbe uliingia kwenye simu ya Mama Sare.

"Habari za jioni. Kuanzia leo mimi si wakili wako. Kuna mwenzangu, mama mmoja makini sana, nitakutumia namba yake. Kuhusu Zipu na Mkataji, huu ni ushauri wangu wa mwisho na hauna malipo: usimguse yeyote. Lala salama."

Mama Sare akaandika jibu refu, akalifuta. Akaandika fupi, akalifuta. Mwishowe akatuma "Asante", akaitupa simu kwenye kochi kana kwamba yenyewe ndiyo iliyokosa. Kisha akaiokota aone kama amejibiwa. Hakujibiwa. Usingizi wa siku hiyo usiuulize.

Ijumaa asubuhi Zipu alipanda ngazi peke yake. Alisimama pale pale mlangoni, mahali aliposimama yule wa vifungo.

"Ni mimi ninayeondoka, Mama. Mwenzangu bado hajui, nimeona nikwambie kwanza. Na usiwe na hofu, sitakwenda barazani."

"Ulikuja kuniambia hilo tu?"

Zipu akasitasita. Kisha akaamua liwalo na liwe.

"Jana ulipomkana yule baba, nilikuwa naangalia uso wake. Wewe ulikuwa umempa mgongo, hukuona. Sisi tuliona."

"Mliona nini?"

"Mama, mwenzangu alipoulizwa humu ndani alisema ndiyo. Angenikana ningebaki na kazi yangu. Lakini jioni ningekwenda nyumbani na nini?"

Mama Sare hakujizuia. Alilia, si kwa kelele, machozi tu yakiteremka, na Zipu asijue kama amkumbatie bosi wake au aangalie pembeni. Akachagua kumkumbatia. Huko chini ukumbi mzima bila shaka ulikuwa ukitazama, na kwa mara ya kwanza Mama Sare hakujali.

"Nenda kwenye mashine yako," alisema alipotulia.

"Kukusanya vitu vyangu?"

"Kutia zipu, mwanangu. Huendi popote."

Zipu alipotoka, Mama Sare akachukua simu kabla ujasiri haujapoa. Iliita muda mrefu.

"Hallo," ilisema sauti ya Wakili.

"Wakili."

"Mimi si wakili wako."

"Ndiyo maana nimepiga."

Mama Sare alisikia nyundo ikigonga mahali.

"Uko wapi?"

"Kwa fundi viatu. Kisigino kimeng'oka."

"Unaweza kuja getini kwangu?"

"Nije kama nani?"

"Kama mtu aliyeombwa aje. Ukikataa, sitauliza mara mbili."

"Nina kiatu kimoja," alisema Wakili.

"Njoo nacho hicho hicho."

Akakata simu. Kisha akateremka, akaagiza mashine zizimwe, na safari hii hakusimama kwenye ngazi. Alikwenda mpaka katikati ya ukumbi, akaegemea meza ya Mkataji, karibu na watu kiasi cha kuona nyuzi zilizonasa kwenye nguo zao.

"Nilipiga marufuku," alisema. "Nimeiondoa. Nilikosea kuitamka na nikakosea zaidi kuisimamia. Zipu na Mkataji wanabaki, wote wawili, na ndoa yao nataka kadi ya mwaliko."

Minong'ono ikaanza. Akainua mkono.

"Sijamaliza. Wanaopendana humu ndani waseme, wasijifiche. Aliye juu ya mwenzake hatampangia kazi, atapangiwa na mwingine. Mtu akikuambia hapana, ni hapana, asubuhi na jioni. Na atakayepanda zile ngazi kulalamika, nitasimama nimsikilize, na hakuna atakayemgusa. Jumatatu anakuja wakili mpya kuyaweka vizuri. Yule mwenzenu wa vifungo nitakwenda kwao mwenyewe nikamwombe radhi. Akitaka kurudi, nafasi yake ipo. Asipotaka, na yeye hapana yake ni hapana."

"Na wewe, Mama?" Mzee wa Pasi alishindwa kujizuia. "Umesema waseme."

Watu wakageuza shingo zote kwa pamoja. Mama Sare akajikuta anatabasamu, akiwa na macho mekundu bado.

"Mimi nina la kusema, mzee wangu. Ila hilo ni la watu wawili, na siwezi kulitangaza kabla sijamwuliza wa pili. Jana nilimsemea bila kumwuliza. Sirudii."

Akatoka, akiacha mashine zimezimwa na kiwanda kizima kikitamani kuwa na macho yanayopenya ukuta.

Wakili alikuwa ameshafika getini. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu cheusi kilichong'arishwa, wa kushoto ulikuwa na ndala ya kuazima, ya kijani. Suruali ilikuwa imepigwa pasi, tai imekaa sawa, na ndala ile ilikuwa inalia anapotembea. Mlinzi alikuwa anatazama mawingu kwa bidii kubwa.

Mama Sare alitaka kuanza na maneno aliyoyapanga. Yote yakapotea alipoiona ndala.

"Umekuja hivyo hivyo," alisema.

"Uliniambia nije hivyo hivyo."

"Jana nilikukana mbele za watu. Niliona aibu, nikaona bora niitue kwako. Naomba unisamehe. Na kama huwezi kunisamehe leo, nitaelewa."

Wakili alikuwa ameumia, na hakutaka kujifanya hakuumia.

"Iliniuma," alisema. "Nilikwenda nyumbani nikajiambia, mzee mzima, ulitegemea nini."

"Ulitegemea jibu. Nilikuwa nalo." Mama Sare akavuta pumzi. "Sasa nakuuliza mimi. Sikulipi, hunidai, huna kazi kwangu. Ukisema hapana, utatoka hapa na heshima yako yote, na yule mama uliyenielekeza nitamwajiri vile vile. Nakupenda. Nataka tuwe pamoja, kwa wazi, watu wakijua. Unataka?"

Wakili akavua miwani.

"Kabla sijajibu," alisema.

"Ubishi hata hapa?"

"Swali moja. Nikikwambia umekosea, utanuna?"

"Nitanuna," alisema Mama Sare. "Lakini nitakusikiliza nikiwa nimenuna."

Wakili akacheka. Lilikuwa cheko la mtu aliyekuwa amejikaza toka jana, na lilimtoka mpaka ndala ikamponyoka mguuni. Akabaki amesimama kwa mguu mmoja, ameshika nguzo ya geti, na Mama Sare akamshika mkono wa pili asianguke.

"Basi ndiyo," alisema. "Ndiyo, bila masharti."

Mlinzi akaacha mawingu, akajifuta jicho, akadai ni vumbi.

Mama Sare alirudi ndani peke yake, kwa sababu Wakili alikuwa bado anaitafuta ndala. Alipoingia, hakuna aliyekuwa amekaa. Zipu alikuwa amesimama pembeni ya Mkataji, amemshika mkono waziwazi. Mzee wa Pasi alikuwa ameacha pasi juu ya suruali ya mlinzi fulani, ambayo ilishaanza kutoa moshi, wala hakuiona.

Hakuna aliyethubutu kuuliza. Mama Sare akawatazama wote, safu kwa safu, uso kwa uso, na moyo wake ukawa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa miaka mingi.

"Amekubali," alisema.